Kijivu

Duka la Biju liko Ruwi, nyuma ya mafundi saa,
kiyoyozi chake kinakata masikio.
Nikamwambia: nataka printa ya nyumbani,
ya picha. Si ya bili, si ya fomu za viza.
Akanitazama kama mpishi aliyeulizwa chumvi.
"Picha za nini, mama?"

Hapo nikakwama.

Ya rial thelathini na tano ina rangi nne,
nyepesi, unaibeba kwa mkono mmoja.
Ya mia moja na arobaini ina sita,
na ile ya pembeni, iliyofunikwa nailoni kama bibi harusi,
ina kumi, mbili kati yake kijivu kitupu,
na bei yake sijamtajia mume wangu mpaka leo.

"Mashine unainunua mara moja," alisema Biju
kwa Kiarabu chake cha dukani.
"Wino, mama, unauoa."

Nikafungua bahasha.
Picha moja, ndogo kama kadi ya kliniki,
kingo zimekatwa menomeno:
shangazi yangu Shinuna, miaka kumi na tisa,
studio moja ya Ng'ambo, mbele ya pazia
lililochorwa ngazi zisizopanda popote.
Mkono kiunoni. Kanga mpya, bado ina wanga.
Sasa ana themanini na mbili, anakaa Maabela,
macho yamebakiwa na tundu dogo katikati.
Simu ukimpa anaipangusa, anairudisha:
"Hii inateleza. Nipe kitu cha kushika."

Biju akaichapa kwanza kwa ile ya rangi nne.
Shangazi akatoka kijani.
Kijani hafifu, kama aliyepanda basi kutoka Salala
asishuke njiani hata kunawa uso.
"Haina kijivu chake," Biju akaeleza, "inakopa.
Inachanganya buluu, waridi na njano,
inatumai zitapatana."
Kama ukoo wetu kwenye mirathi, nikasema moyoni.

Akaichapa kwa ile ya kumi.

Kivuli chini ya kidevu kikawa kivuli.
Na pindo la kanga, ambalo maisha yangu yote
nilidhani limeandamwa na maua,
lilikuwa maneno:
USINIHESABIE
na mkunjo umemeza yaliyobaki.

Nikanunua ya katikati.
Ndiyo. Ada za shule hazichapwi nyumbani.
Ina rangi sita, moja kijivu, yatosha.
Ile chapa ya kumi Biju alinipa bure;
nimeificha kabatini wasije wakalinganisha.

Mlangoni akanipigia kelele:
"Usiiache ikae kimya! Hewa ya huku inaikausha.
Kila Ijumaa ichapishe chochote,
hata tikiti maji, la sivyo pua zitaziba!"

Maabela, baada ya alasiri.
Shangazi ametoka kula tende, vidole vinanata.
"Bado mbichi!" nikasema, nimechelewa:
dole gumba limeshatua kwenye ngazi za pazia
na kuondoka na kidato kimoja.
Akaileta picha mpaka puani,
akaipitisha mbele ya lile tundu, polepole,
kama mtu anayesoma mita ya maji.
"Kanga hii ilikuwa nyekundu," akasema.
"Mashine yenu haikujua?"
"Haikujua."
"Na pesa zote hizo."

Nikamuuliza: usinihesabie nini, shangazi?
Akacheka mpaka ushungi ukamteleza.
"Aliyeninunulia alijua."
Na mume wake, Mungu amrehemu,
hakuwa mtu wa kununua kanga.

Ijumaa iliyofuata nikachapa tikiti maji,
kipande kimoja, mbegu na yote,
kwa sababu Biju alisema, na pua zisizibe.
Nikaliacha mezani likauke.
Nilipotoka jikoni shangazi alikuwa amelishika kwa kingo,
safari hii vidole vimenawa,
jicho moja limefumba.

"Ndiyo hii," alisema.
"Ilikuwa hivi hivi."