Mashapo

Meza ya tisa wameagiza divai nyekundu,
ile ya mteremkoni, juu ya Kinangop,
mita elfu mbili na mia nne, lebo yasema,
na bei yake naitaja polepole
kama daktari anayemtajia mtu ugonjwa wake.

Ghorofa ya kumi na saba, Upper Hill.
Chini yetu Nairobi imewasha taa zake zote
isipokuwa kipande kimoja upande wa Kawangware:
stima imepotea tena nyumbani.

Nimefundishwa. Kitambaa mkono wa kushoto.
Kizibo kitoke bila mlio.
Mimina kidogo kwanza, kwa anayelipa,
rudi nyuma hatua moja, usome uso.

Bwana Adagala anaizungusha, anafumba macho.
"Plamu," asema. "Mkanda mpya wa ngozi.
Na moshi. Mnausikia huo moshi?"
Wenzake wanausikia.
Mmoja aeleza kuwa ni pipa,
mwaloni uliobabuliwa kwa ndani, mambo ya Ufaransa.
Mimi nimesimama, chupa imenilalia mkononi
kama mtoto wa mwenzangu.

Moshi ule naujua ulikotoka.
Ni mabua ya mahindi, na matawi ya mkaratusi,
na gurudumu moja la trekta bovu, Mungu awasamehe,
usiku wa Februari sakitu iliposhuka
na mbwa wa lindo akakataa kutoka kibandani.
Mama ndiye aliyewaamsha kina Njambi na Muringo.
Wanawake kumi na mmoja, ndoo za makaa,
wakipita kati ya mistari wakipepea kwa leso
ili moshi uilalie mizabibu kama blanketi.
Kulipokucha, mistari ya bondeni ilikuwa meusi,
majani yamejikunja kama tumbaku.
Ya juu ilipona.

Kule mchana jua lachoma, usiku baridi yang'ata,
zabibu huota ngozi nene.
Wanawake vilevile.
Meneja aliwapa chai na nusu mkate kila mmoja.
Malipo hayakuwepo:
usiku haukuwa na safu yake katika daftari.

"Inatoka wapi hasa?" Bwana Adagala aniuliza.
"Kinangop, bwana."
"Umewahi kufika?"
"Nimepita," nikasema, nikamwongezea glasi.

Saa sita usiku chupa imebaki vidole viwili.
Kanuni ni kumwaga.
Nikaitia katika kichupa cha dawa ya kikohozi
nilichokiosha mara tatu, na bado kinanuka mnanaa.

Mama hajalala. Magoti hayamruhusu.
Namulika kwa simu, namiminia kwenye kikombe cha bati.
Hajafunzwa na mtu, lakini ananusa kwanza,
muda mrefu, mpaka nikadhani amesinzia.
Anaonja.
"Kali," asema. "Hawakutia sukari?"
"Haitiwi, Mama."
Anaonja tena, ananyamaza, ulimi unatafuta kitu kwenye pengo la jino.
"Hii ni ya mistari ya juu."
"Umejuaje?"
"Ya chini si ilikufa."

Miaka sita alichuma,
vidole vikawa rangi ya biringani hadi Pasaka,
na leo ndiyo mara ya kwanza imeshuka kooni mwake.
Anauliza bei. Namdanganya: elfu moja na mia mbili.
Hata hiyo inamchekesha mpaka anakohoa,
nami nampiga mgongo, kichupa cha dawa mkononi.

Kisha, kwa sauti nyingine:
"Moshi waliusikia?"
"Waliusikia."
"Wakasemaje?"
"Walisema ni mzuri."

Anatikisa kikombe. Mashapo yamebaki chini,
meusi, kama majani ya chai.
Anayapeleka mlangoni akishikilia ukuta,
anayamwagia sukuma wiki aliyoiotesha kwenye mkebe wa rangi,
na kabla hajageuka ananiambia
nisisahau, kesho, kununua mafuta ya taa.