Ziwa la Kusingizia

Ziwa la Katwe hunuka yai viza,
kila mtu anajua, kila mtu amezoea.
Kwa hiyo kinywa changu kilipoanza kunuka
nilikuwa na pa kukificha.
"Ni ziwa," nikamwambia Baluku kitandani.
Akageukia ukuta.
"Ni ziwa," akaitikia, mume mwenye adabu.

Miaka mitatu, ewe ufizi wangu, ulikuwa ukiniita.
Uliandika kwa wino mwekundu
kwenye pera nililoling'ata njiani,
kwenye kijiti cha mwarobaini,
kwenye mto wa kulalia, doa dogo kama punje ya mtama.
Nami nikafua mto,
nikatupa kijiti,
pera nikalimaliza.

Jino lililolegea nililisukuma kwa ulimi
kama mtoto anayechezea mlango.
Nilidhani ni umri.
Nilidhani kiu ya usiku ni chumvi ya mchana,
na kwenda msalani mara nne, mara tano,
ni malipo ya kiu.
Na kidonda cha mguuni, kisichofunga tangu Pasaka?
Nikasema: nani ashindaye kwenye maji haya
akatoka na miguu ya bibi harusi?
Ziwa, ziwa, ziwa.
Maskini ziwa.

Kisha tukapanda Kilembe kwenye harusi ya Ithungu.
Hewa ya mlimani, safi kama sahani iliyosuuzwa.
Nikamwinamia bibi harusi nimnong'oneze neno la ndoa,
na mtoto wa shemeji, Kule, miaka minne,
asiye na adabu ya Baluku,
akaziba pua, akauliza kwa sauti:
"Nani ameleta ziwa huku?"

Watu walicheka. Nikacheka nao, mkono mdomoni.
Mkono haukushuka hadi Jumatatu,
kwenye kiti cha Bwambale, zahanati ya Kasese.

Alichungulia, akanyamaza.
Akashika chuma chenye ncha ya ndoano
akaanza kukwangua,
na ile sauti niliijua!
Ndivyo ninavyokwangua chumvi iliyoganda
kwenye vijiti vya kingo za shamba langu.
"Ukoga umegeuka jiwe," akasema.
"Majani hayaliyeyushi.
Karafuu hunyamazisha mbwa tu, haimfukuzi mwizi."
Kisha akaomba kidole.
Tone moja. Kipimo kikasoma kumi na sita.
"Mama Masika, una kiu tangu lini?"

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.
Changu kilikuwa karibu zaidi ya nguo:
sukari ikiulisha uozo, uozo ukiipandisha sukari,
majirani wawili wakipeana moto
na nyumba inayoungua ni moja.

Kijiti changu hakuniambia nikitupe.
"Kitafune hadi kiwe nyuzi, kisha polepole,
unafagia ua, hufukuzi nyoka."
Vidonge asubuhi na jioni. Chai kavu, bila sukari,
ambayo bado nainywa kama adhabu.
Na maji ya vuguvugu ya kusukutua, chumvi kidogo tu,
"lakini si ile ya shambani kwako, mama,
ile tuwaachie ng'ombe."

Hivyo mimi, mwenye mashamba mawili ya chumvi,
nilisimama dukani kwa Kabugho
nikanunua pakiti ya chumvi.
Akanitazama kama samaki aliyekuja kuomba maji.
Sikumweleza.

Jino moja limekwenda; ulimi bado hulitafuta.
Baluku bado hugeukia ukuta, mazoea yana tabu.
Asubuhi natema nje ya mlango, nainama kutazama:
jana uzi mmoja mwekundu,
leo povu jeupe.
Kesho sijui.

Ziwa linanuka pale pale lilipo,
na leo ni lenyewe tu.