Nafuu

Ilianza baada ya daraja la Sabaki,
kilio chembamba, kama cha panya aliyebanwa na mlango.
Nikaongeza sauti ya redio.
Magunia mia mbili ya chumvi ya Gongoni mgongoni,
na mimi naongeza redio.
Kuingia Malindi kilio kimekuwa mkwaruzo,
mshale wa joto umeegemea wekundu,
na redio haina tena la kusema.

Jumwa hakugusa spana. Alilegeza mkanda,
akaishika feni kwa vidole viwili
akaitikisa, kama mtu atikisavyo jino la mtoto.
Ikacheza.
"Sikia." Nikasikia changarawe ndani ya chuma.
"Beringi hii imekunywa chumvi yako miaka yote.
Wiki moja zaidi, feni ingeng'oka, itafune rejeta,
na lori ungeliuza kwa kilo."

Nikapiga simu Mombasa. Duka kubwa, sauti ya mafuta mafuta:
beringi peke yake hatuuzi, tunauza kitovu kizima,
na puli yake, na boksi lake,
elfu kumi na tisa na mia tano.
Nikahesabu karo ya Nyevu. Nikahesabu chama.
Nikakata bila kuaga.

Hapo ndipo jirani wa gereji, yule asiyekosa kitu,
akachomoa mfukoni beringi isiyo na namba:
mia mbili tu, bosi, unaondoka sasa hivi.
Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye pochi.
"Rahisi huvunja upishi," Jumwa akasema, kichwa bado ndani ya injini.
"Unataka rahisi au unataka nafuu?"
Nilidhani ni kitu kimoja.

Alikitoa kitovu, akaing'oa beringi kwa pula ya kuazima,
akaifuta ukingo kwa tambara la dizeli,
akaitemea mate, akafuta tena,
mpaka tarakimu nne zikajitokeza,
ndogo kama maandishi ndani ya pete.
"Jina lake ndilo hili. Kitovu ni nyumba, nacho kizima.
Aliyekufa ni mpangaji."
Kwenye duka la spea nyuma ya soko: mia nane na hamsini,
imezibwa pande zote mbili, chumvi ibishe hodi ichoke.

Kuitia ndiyo kazi. Mashine ya kukandamiza hana.
Akaifunga kwenye nailoni, akaipeleka kwa Mama Riziki,
katikati ya barafu za ukwaju.
Ikalala frizani usiku kucha.
Mimi nililala kabini, nikiota mshale.
Asubuhi tukakuta mtoto wa shule ameshalipa shilingi kumi,
ameshachagua ile nene, ya fedha.
Tulibishana naye.
Alikubali ya ubuyu, tena mbili.

Kitovu juu ya jiko la makaa, mpaka tone la maji likaruka.
"Cha moto hutanuka, cha baridi hujikunyata,
tofauti yake unywele. Unywele unatutosha."
Akaiweka mpya mdomoni, juu yake akaiweka ile kuukuu,
kipande cha mbao, nyundo, polepole,
mzee akimsindikiza kijana
kwenye kiti alichoamshwa yeye jana.
Ko. Ko. Kisha sauti nzito,
ya kitu kilichofika.

Kazi, elfu moja na mia tano. Makaa hakuyahesabu.
Barafu za ubuyu nililipa mimi.

Nikawasha. Feni ikapotea, ikabaki duara la upepo.
Jumwa akaegesha ncha ya bisibisi ndefu kwenye chuma,
mpini sikioni, macho kafumba,
grisi imemkaukia kwenye nyusi.
Nilingoja kama wanavyongoja watu kwenye mabenchi ya hospitali.
"Imepata nafuu," akasema,
akaenda kunawa.

Redio sikuiwasha mpaka Kilifi.