Natembea Tu

Daktari pale Mbale alinitazama juu ya miwani.
Mzee Keverenge, sukari imepanda. Tembea.
Nikamuuliza: nitembee kwenda wapi?
Akacheka. Mimi sikuwa natania.

Miaka thelathini na mmoja nilipima majani chai ya watu
nikiwa nimekaa, mizani mbele yangu, kalamu sikioni.
Na huku kwetu mguu hautoki bila shughuli:
kuna maji, kuna kuni, kuna matanga,
kuna deni la kudai na deni la kukwepa.
Mguu mtupu ni wa mwizi, au wa aliyerukwa na akili.

Siku ya kwanza nilipita nyuma ya soko,
nikapinda kulia kwenye kinu cha mahindi,
nikaingia kijia chembamba kama mshono
kati ya chai ya huyu na mabingobingo ya yule.
Umande ukanipanda hadi magotini.
"Mirembe," akasema mama mmoja, jembe likiwa hewani.
"Unakwenda wapi?"
Natembea tu.
Jembe halikushuka mpaka nilipopotea kwenye kona.

Siku ya pili, mbwa watatu, na mtoto aliyenielekeza
kwamba mazishi hayako upande huu.
Siku ya tatu mzee wa kijiji alinikimbilia, koti mkononi,
ajue kama serikali inaleta barabara,
kwa sababu nilikuwa nimesimama kuangalia jiwe.

Siku ya nne nikabeba panga.
Sikukata hata jani.
Lakini mlima mzima ulitulia.

Lile jiwe, ngoja niseme.
Mlima wetu ni mawe yaliyopandiana kama magunia ghalani,
mengine makubwa kuliko nyumba iliyokula kiinua mgongo changu,
na mikaratusi imejibana katikati, inanukia dawa ya kifua.
Mwanzoni pumzi ilinitangulia,
kisha ikawa inanifuata nyuma, inalalamika,
kisha, wiki ya tatu hivi, tukaanza kwenda pamoja.
Juu kabisa ardhi inakatika ghafla.
Kule chini miwa, mpunga, mabati ya Kisumu yakimeta
kama sarafu zilizomwagika mtu akaona uvivu kuziokota,
na ziwa, ambalo nililijua kwa picha za kalenda.
Miaka sitini na mitatu
nimelala saa mbili tu kutoka hapa.

Wiki ya tano yule mama, Kavosa, alinisimamisha.
"Wewe wa kutembea tu. Mpitishie dada yangu Agesa haya,
kule juu, penye boma la mti uliopigwa na radi."
Mayai sita, bakuli la bluu, kitambaa.
Panga nikaliacha kwake, mikono haikutosha.
Na mayai ndiyo yaliyonifundisha kutembea:
kuuliza kila jiwe kabla ya kulikanyaga,
kushuka kwa kisigino, kupanda kwa vidole,
kutosema na mbwa.

Agesa aliyahesabu. Hakuuliza habari za mtu.
Nilikuja kusikia kinuni
kwamba mpaka wa shamba ulisogea hatua mbili,
na miaka tisa sasa hawajasemezana.
Akanirudishia bakuli tupu.
Kwetu bakuli halirudi tupu.
Kavosa alilipokea, akalitazama ndani muda mrefu,
kama mtu anayesoma.

Wiki iliyofuata, mayai tena.
Bakuli tupu tena.
Nikaanza kuona haya kwa niaba ya bakuli.

Daktari amepima, amefurahi, amesema naweza kupunguza sasa,
mara tatu kwa wiki yatosha.
Nimemwambia tutaona.

Leo nashuka kutoka kwa Agesa.
Ukungu umeketi juu ya chai, mawe yanatona.
Bakuli limefunikwa, na ni zito kidogo,
uzito wa konzi ya njugu, au ya chumvi, au ya udongo.
Sijafunua.
Mtu mmoja yuko mbele yangu kijiani, anauliza nakokwenda.