Mganda wa Arobaini

Paa letu lilidai miganda arobaini ya ichu.
Baba alikwisha kupiga hesabu kwa mafundo ya kamba.
Mvua ya mawe ilikuwa imelitoboa,
tukawa tunalala tukitazamana na nyota.

Tulipanda Jankopata kabla ya jua,
baba, mimi na dada yangu Fortunata,
mundu umeviringishwa kwenye ngozi ya alpaka,
pumzi zetu zikitutangulia kama wageni wasiojua njia.
Huko juu hakuna mti.
Kuna nyasi, kuna upepo,
kisha nyasi tena, zikibishana na upepo.

Tulipofunga wa thelathini na tisa
kindege kikachomoka miguuni pa dada:
rangi ya majani makavu, michirizi ya masizi kifuani.
Kikapanda, kikapanda, kikawa doa,
kikashuka polepole, mbawa wazi,
kikivuta sauti nyembamba kama uzi unaofumuliwa,
tsirii, tsirii, trrrr,
kikatua, kikakimbia kwa miguu
kama mtu aliyesahau kwamba ana mbawa.

Fortunata akapanua kichaka cha nyasi.
Kikombe cha manyoya ya alpaka,
mayai matatu ya kijivu, yana vidoa,
yana joto bado.
Baba alitazama mundu, akatazama mawingu.
“Mmoja tu,” akasema. “Paa halitajua.”

Paa lilijua.
Usiku wa mvua ya kwanza tone lilianguka
juu ya gunia la viazi tulivyokausha kwa baridi.
Mama akatega sufuria,
akauliza nani kahesabu vibaya.
Baba alikuwa anatafuta kiatu.

Wiki ya pili nilirudi kule, alpaka mmoja amepotea.
Kikombe kimepinduliwa. Kipande cha ganda.
Nyayo za mbweha kwenye matope.
Husemwa siku za mwizi ni arobaini;
huyu hakufikisha hata kumi, na alishiba.
Sikumwambia mtu.

Mwaka uliofuata tuliezeka upya.
Nyasi zilitosha, zikabaki.
Ile pembe baba akairuka,
akashuka ngazi, akanawa mikono.

Mpaka leo mvua ikianza
mama husukuma sufuria kwa mguu, bila kuangalia.
Ti. Ti. Ti.
Na Fortunata, akiwa amekuja na wanawe,
hukatiza maneno,
hutazama chini, miguuni pake.