Kilo Tatu na Nusu

Jumamosi ya Februari, mto Emajõgi umeganda,
tuliingia duka la samani na mtoto wa unga.
Urmas ndiye aliyemfunga: kilo tatu na nusu za ngano
ndani ya skafu ya mama yake, juu kofia ya sufu.
"Kiti hakijaribiwi mikono mitupu," akasema.
Mlinzi akatazama tumbo langu,
akautazama unga,
akageuka kuhesabu taa za dari.

Kiti cha kwanza kilikuwa mahameli, zambarau iliyoiva.
Niliketi, kikanimeza.
Kunitoa humo Urmas alinivuta kwa mikono miwili,
na nikawaza usiku ambao Urmas yuko zamu kiwandani
na mimi nimo ndani ya zambarau, nalia pamoja na mwanangu.

Kilichofuata kilibembea.
Kilibembea hata nikasahau miguu imevimba.
Lakini Kertu, binti wa dukani, alipiga magoti,
akatuonyesha mwanya pale chuma kinapokutana na mbao.
"Mwakani atakuwa anatambaa," alisema, basi.
Kidole chake cha shahada kilikuwa na kovu la zamani.

Kingine kilinuka gundi.
Kingine kililia kwi,
nikivuta pumzi, kwi,
nikiishusha, kwi.

Mama mkwe akapiga simu, Helve, kutoka Võru:
"Mimi nilinyonyesha wanne juu ya kigoda cha jikoni!"
"Na mgongo, mama?"
Akanyamaza kidogo.
"Mgongo? Sikuwa nao miaka ile. Nilikuwa na watoto."
Kisha, kwa sauti ya chini: "Chukueni chenye mahali pa kuegemeza kichwa."

Tulikikuta pembeni, bei imekatwa mara mbili,
rangi ya uji uliopoa.
Urmas alikisukuma, akakitikisa,
akapanda goti juu ya mkono wake mmoja kama mwizi adandiaye ukuta:
hakikuyumba.
Kitambaa kinavuliwa, kinafuliwa.
Nyayo zangu zikagusa sakafu yote, kisigino hadi kidole,
kiwiko kikapata pa kutua, shingo ikapata pa kutua,
na unga ukatulia kifuani, mzito, mpole.
Niliwasikia wakizungumza bei.
Nilimsikia Kertu akitaja lori, na ngazi zetu nyembamba.
Halafu sikusikia.

Paf.

Nilifumbua macho, sakafu nyeupe.
Kofia ya sufu imelala mbali, peke yake.
Hakuna aliyecheka, hata mlinzi.
Mikono yangu ilikuwa bado imekunjwa,
imekumbatia hewa.

Kertu alileta ufagio.
"Ni kiti kizuri," alisema, akifagia polepole.
"Kina mikono. Ila haishiki."

Tulikinunua hichohicho.
Urmas alikipandisha ghorofa ya tatu, akitukana kila kona,
akakiweka karibu na dirisha, mbali na kipasha joto,
kisha akachukua futi ya kupimia
na kusogeza kitanda cha mtoto, na kusogeza tena,
mpaka kati ya kiti na kitanda ikabaki hatua moja,
hatua ya mwanamke mwenye usingizi.

Sasa ni Aprili, barafu imeondoka mtoni.
Saa tisa usiku, Liidia ananyonya, anaacha, ananyonya.
Joto lake linanipanda shingoni, kope zinaanza kunihaini.
Nateremsha mkono kwenye mshono wa kiti,
pale ambapo brashi ya Kertu haikufika,
nasaga chembe za unga kati ya vidole.

Nainuka.
Hatua moja.
Namlaza chali.