Kwa Kadiri Tujuavyo

Dokta Rweyongeza hana kalamu nyekundu,
ana penseli, na penseli yake haina haraka.
Imesimama ukurasa wa kumi na saba wa rasimu yangu,
chini ya maneno sita ya Kiingereza
niliyoyaokota katika makala za watu
kama mwavuli uliosahauliwa ofisini:
kwa kadiri tujuavyo,
huu ni utafiti wa kwanza wa chumvi katika visima vya Mbagala.

"Tujuavyo," akasema. "Nani na nani?"
Feni inazunguka. Nje, Mlimani, mtu anafyeka nyasi.
Nikasema: mimi, wenzangu wawili, na kanzidata mbili.
"Kwa Kiswahili mmetafuta?"
Hapo nikaangalia viatu.

Hayo si kanzu ya Ijumaa, alisema, ni kiapo.
Unaapa kwamba ulipekua,
kisha unakiri kwamba kupekua kuna kikomo.
Huandiki: kwa kadiri tujuavyo, tulichota sampuli arobaini.
Sampuli umezihesabu. Arobaini ni arobaini.
Na ukiyaandika ilhali hukutafuta,
umedanganya kwa adabu.

Nikaenda Ubungo, stoo ya maabara ya maji,
kwa Zamoyoni Kibwana, fundi sanifu,
miezi mitano kabla ya kustaafu.
Hakuniuliza barua. Alisogeza boksi la chupa tupu,
akavuta kaunta buku lililoliwa pembe na mende.
Kizuiani. Rangi Tatu. Kisima nyuma ya shule.
Tarehe, kina, chumvi,
mwandiko umelalia kulia kama unapigwa na upepo,
miaka ishirini na miwili kabla yangu.
"Mradi ulikufa," alisema. "Mita ilikuwa bado nzima."

Usiku nikaandika upya.
Neno "kwanza" nimelitoa, na sentensi haikuanguka.
Marejeo yameongezeka mstari:
Kibwana, Z., daftari, halijachapishwa.
Yale maneno sita sikuyafuta. Nimeyahamishia
mbele ya jambo dogo zaidi:
kwa kadiri tujuavyo,
hakuna aliyevipima tena visima hivi
tangu daftari hilo lilipofungwa.

Asubuhi, kabla ya kuituma, nikampigia simu,
nikamsomea sentensi nzima, polepole.
Kimya. Kisha nikasikia droo inavutwa.
"Ngoja," akasema. "Kuna la pili."